Ukili Husafiri, Mkeka Hukaa Nyumbani

Kazi ya mkono inayofaa kufanywa ndani ya gari ilishapatikana zamani katika pwani hii, na walioipata ni wasuka mikeka. Kwa hiyo kabla hujafungua mkoba wa sindano na kuwaza utashona nini kati ya Tanga na Mwera, mtazame kwanza mwanamke anayesuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Anasuka barazani akizungumza na jirani. Anasuka kwenye benchi la zahanati akisubiri zamu yake. Anasuka ndani ya basi, mzigo wa majani ukiwa miguuni, macho yake yako dirishani au kwa yule anayeongea naye. Vidole vinakwenda, jani juu, jani chini, na utepe unarefuka na kujikunja mapajani. Mkeka wenyewe haupo hapo. Mkeka ataushona siku nyingine, nyumbani, sakafuni, akiwa na shazia, sindano kubwa ya mikeka, mkononi na nafasi ya kunyoosha miguu.

Sura hii yote imesimama juu ya mgawanyo huo. Mkeka wa kulalia watu wawili ni mkubwa mno kwa kiti cha gari, na hata ungeenea usingeweza kuugeuza. Wazee wetu waliigawa kazi yake panapostahili: kusuka huku, kushona kule. Kusuka kunataka vidole tu. Kushona kunataka sakafu, mwanga na jicho lililotulia. Kazi yoyote ya sindano unayotaka kwenda nayo safari, iwe mfarishi wa viraka, kofia, kanga ya kupindwa au shuka la kudarizi, itazame kwa jicho hilo hilo. Sehemu ipi ni ukili wake, na sehemu ipi ni mkeka? Ukishindwa kuzitenga, iache nyumbani.

Nikae kidogo kwenye ukili wenyewe, maana una mengi ya kumfunza mshonaji. Hukatwa majani machanga ya mkindu, yale ya kileleni ambayo bado yamefumba. Huanikwa juani mpaka kijani kiyatoke na yabaki na weupe wa maziwa. Yanayotakiwa kuwa ya rangi huchemshwa katika sufuria pamoja na rangi ya unga inayouzwa dukani: zambarau, kijani, nyekundu, machungwa. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya sindano, kila jani liwe na upana sawa na mwenziwe. Hapo kwenye kuchana ndipo ukili mzuri unapoanzia, na anayechana ovyo atahangaika mpaka mwisho wa utepe. Majamvi ya msikitini na ya shughuli husukwa kwa miyaa, ambayo ni mipana na migumu zaidi. Mikeka ya chumbani ni ya ukindu, laini, yenye mapambo.

Jani moja likikaribia kuisha, jipya hupachikwa juu yake, na ncha zinazobaki zikichomoza hukatwa baadaye. Pale penye kupachika ndipo utakapomjua msukaji. Aliye hodari hapachiki majani mawili mahali pamoja. Huyapishanisha, ili utepe usiwe na uvimbe wala sehemu nyembamba. Majani makavu hukatika, kwa hiyo anayesafiri nayo huyafunga katika kitambaa chenye unyevunyevu na kuacha ncha tu nje. Urefu wa ukili hupimwa kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa, kwa hiyo kipimo chake husafiri na mwenyewe.

Niliwahi kumkuta bibi mmoja kwenye pantoni ya Pangani, anavuka kwenda ng'ambo ya Bweni na fundo la ukindu wa zambarau kwapani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Za huko utokako?"

Alijibu bila vidole kusimama. Nikamwomba nijaribu. Akanipa ncha ya ukili na mara nikauinamia. Akanigusa kidevu akakiinua. "Hesabu kwa vidole, mwanangu. Macho muachie dereva."

Maneno yale yana hekima ya mwili ndani yake. Kichefuchefu cha garini hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo, kona na mashimo, huku macho yakiwa yameganda kwenye kitu kilicho mapajani ambacho kinaonekana kimetulia. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Anayesoma gazeti garini anaijua hali hiyo, na anayetunga uzi kwenye tundu la sindano gari likiwa kwenye mwendo anaijua zaidi. Dawa yake ni kuyapeleka macho mbali, kwenye upeo wa bahari au mstari wa minazi, na kuiachia mikono kazi ambayo haihitaji kutazamwa. Kwa hiyo ninapochagua kazi ya njiani naanza na swali hili: je, naweza kuifanya gizani? Ukili, ndiyo. Bandi iliyonyooka juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndiyo. Kudarizi ua lenye rangi tano, hapana.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita 50 hivi kufuata pwani, unapita Tongoni yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, unapita Kigombe, halafu minazi na mkonge mpaka mdomoni mwa mto Pangani. Ukivuka mto uko Bweni, na kutoka hapo unashika njia ya kusini inayokufikisha Mwera na, ukiendelea, Mkwaja na Saadani. Kwa miaka mingi njia hii ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na mshonaji wa garini alilazimika kujua ni wapi pa kushona na wapi pa kuweka sindano chini. Barabara mpya ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 256 pamoja na daraja la Pangani la mita 525, inabadilisha mambo hayo. Lami hutuliza mkono. Lakini lami nayo ina matuta na rasta zake, hasa penye shule na masoko, na tuta linalokukuta sindano ikiwa nusu ndani ya kitambaa huwa linamalizia katika kidole. Kaa upande ambao unaiona barabara mbele. Dereva akianza kupunguza mwendo, sindano iwe imekwishapita au bado haijaingia.

Kazi ya kwanza ninayompendekezea anayeanza ni kupinda kanga. Doti mpya ukiikata katikati unapata kingo nne zisizo na pindo, kila moja ya mita moja na kidogo, kwa hiyo doti moja ni kama mita nne na nusu za pindo. Fundi wa cherehani ataimaliza kabla hujamaliza kusalimiana naye, na wengi wetu tunampelekea. Lakini pindo la mkono ni jembamba, laini, halikwaruzi shingo ya mtoto anayebebwa, na kanga zawadi iliyopindwa kwa mkono mwenye kupokea ataijua. Likunje pindo nyumbani, lipige pasi, libane kwa bandi ndefu za uzi wa rangi nyingine. Kukunja na kupiga pasi ni mkeka. Kushona pindo ni ukili. Ukiingia garini huna cha kupima wala cha kukisia, unafuata mkunjo kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, na kidole hicho kitakuambia kila kitu.

Na kanga si mgeni katika habari za kuunganisha viraka. Masimulizi yanayojulikana sana juu ya asili yake yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora. Walichukua leso sita, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakavishona ubavu kwa ubavu wakapata vazi moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizimakizima. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na kanga zake bado zinatafutwa. Ninapenda kulikumbuka jambo hili kila ninapokutana na mtu anayeona aibu kuvaa au kutandika kitu cha viraka. Vazi tunalolipenda kuliko yote pwani lilianza kwa mwanamke aliyekata vipande na kuviunga.

Kutoka pindo, nenda kwenye mfarishi. Hapa ndipo somo la ukili linapofaa zaidi, kwa sababu mfarishi ni kitu kikubwa kinachotengenezwa kwa vitu vidogo. Nenda kwa fundi yeyote wa nguo, Tanga au Pangani mjini, umwombe mabaki ya vitenge. Chini ya cherehani yake kuna mfuko umejaa, na mara nyingi atakupa bure. Chagua vya pamba tupu. Vile vyenye nailoni huteleza na kukataa mkunjo. Vifue vyote kwanza, kwa maji ya uvuguvugu, upate kuondoa ile gundi ya kiwandani na uone kipi kinachuja rangi. Kitenge chekundu kinachochuja kitaharibu mfarishi mzima siku ya kuufua mara ya kwanza, na hapo huna la kufanya.

Kisha tengeneza vipande vya pembesita. Umbo hili ndilo msafiri bora kwa sababu kila kipande kimoja ni kazi iliyokamilika. Chukua karatasi ngumu, jalada la daftari kuukuu au kalenda ya mwaka uliopita, kata pembesita zenye ubavu wa sentimita 4. Kata vitambaa vikubwa kidogo kuliko karatasi, sentimita moja hivi kila upande. Weka karatasi katikati ya kitambaa, kunja kingo za kitambaa juu ya karatasi, na zishike kwa bandi kubwa kubwa kuzunguka pembe sita. Ukimaliza una kigae cha nguo kinachotosha kwenye kiganja, chenye kingo kali na zilizonyooka kwa sababu karatasi imezinyoosha. Baadaye utavishona vigae viwili ubavu kwa ubavu kwa mishono midogo inayonasa nyuzi chache tu za ukingo, na mwisho kabisa utachomoa karatasi.

Hesabu yake ni hii. Pembesita ya ubavu wa sentimita 4 ina eneo la sentimita za mraba 41 na nusu hivi. Mfarishi wa mtoto mchanga, sentimita 80 kwa 100, unataka vipande kama 190. Wa kitanda cha futi nne kwa sita, ukiacha kiasi cha kuning'inia, sentimita 150 kwa 210, unataka zaidi ya 750. Namba ya pili inatisha, na ndiyo sababu watu wengi huanza na ya mtoto. Lakini kumbuka kwamba kazi hii haina haraka wala haina mahali pa kuharibika. Mfuko mmoja una vitambaa na karatasi, mfuko wa pili una vigae vilivyokamilika. Gari likifika, unafunga mifuko miwili unashuka. Hakuna hesabu ya kupotea, hakuna mshono wa kufumuka.

Uzi ukate mrefu kama dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Zaidi ya hapo utajifunga kwenye mkanda wa gari na mkono wako utampiga jirani kila unapovuta. Tunga sindano kumi nyumbani kabla ya kuondoka, uzichomeke mstarini kwenye kipande cha kitambaa kizito, kila moja na uzi wake umezungushwa. Uzi wa pamba upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu, hautajisokota na utapita laini. Vaa kastabini hata kama nyumbani huivai. Na sindano zako ziwe fupi, maana sindano ndefu ndani ya gari ni hatari na haina faida.

Pwani ina adui mwingine ambaye wa bara hamjui vizuri, naye ni kutu. Hewa ya chumvi hushika sindano mara moja, hasa ikilala ndani ya kitambaa chenye jasho la mkono. Doa la kutu juu ya kitambaa cheupe haliondoki kwa sabuni. Likitokea, kamulia limau, nyunyiza chumvi, anika juani, rudia. Mara nyingi litafifia. Bora zaidi ni kufuta sindano zote jioni na kutoziacha zimechomekwa kwenye kazi usiku kucha.

Ukikata njia ya Bweni kwenda Mwera utapita jirani na Kikokwe, na hapo nakuomba unyanyue macho kutoka kwenye mshono. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62, nayo ikapandwa hapa, kwenye shamba la Kikogwe, kama Wajerumani walivyoliandika. Kutoka kwa miche hiyo ndiko ulikotoka mkonge uliofunika mkoa wa Tanga na kuzaa stesheni, bandari na vijiji vizima vya manamba. Kwa mshonaji mkonge ni uzi. Ni kamba ya kufungia mzigo, ni uzi wa kushonea magunia, na kwa dada zetu wa Ukambani na Ukikuyuni nchini Kenya ni kiondo. Kiondo nacho ni kazi ya msafiri. Kitako huanzwa nyumbani kwa utulivu, nyuzi za kusimama zikiwa zimetandazwa pande zote, halafu mwanamke hukibeba, anasuka akienda sokoni, anasuka akirudi, nyuzi zimening'inia mbele yake. Wamefika mahali pale pale walipofika wasuka ukili wetu: mwanzo unataka kukaa, katikati kunaweza kutembea.

Kofia ni habari nyingine, na nimeiweka hapa makusudi kwa sababu inadanganya. Ni ndogo, nyepesi, inaingia mfukoni. Mtu hudhani imeumbwa kwa ajili ya safari. Tazama kofia ya kushonwa kwa mkono kwa karibu, ile nyeupe iliyojaa vitundu, utaona kwa nini si hivyo. Ni duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila kimoja kikiwa na tabaka za kitambaa zilizobanwa pamoja kwa bandi ndogo. Mchoro umekwishachorwa. Mshonaji hutoboa tundu kwa ncha ya sindano kwa kuzisogeza nyuzi za kitambaa bila kuzikata, kisha huzungushia uzi ukingoni, mshono kando ya mshono, mpaka tundu lisimame wazi kama jicho. Halafu tundu la pili. Halafu mia kadhaa mengine. Tundu moja likipinda, mstari mzima unapinda, na mvaaji hataona kingine. Kofia nzuri huchukua wiki na hata miezi.

Kazi ya namna hiyo haitaki gari linalokwenda. Inataka gari lililosimama, na hapo ndipo safari ya Mwera ilipokuwa na neema yake. Foleni ya pantoni ilikuwa chumba cha kushonea. Unafika ukingoni, pantoni iko ng'ambo, injini zinazimwa, watu wanashuka kununua korosho, na wewe una mwanga wa mchana, upepo wa mto na kiti kisichotikisika. Vitundu vitatu vinne vya kofia hupatikana hapo. Wanaotoboa vitundu Unguja na Lamu hukaa barazani kwa sababu hiyo hiyo, na wenzetu wa Oman wanajua kazi hii vizuri. Kumma yao, sehemu ya vazi la kitaifa la mwanamume wa Kiomani, inaaminika ilipelekwa huko kutoka Zanzibar, na mpaka leo iliyoshonwa kwa mkono ina bei kubwa kuliko ya mashine na heshima kubwa zaidi. Daraja linaimaliza foleni ile, na siisikitikii, kwa kuwa mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku ana haki ya kuvuka bila kusubiri. Ila nimewazoesha wanaosafiri nami kwamba tukisimama kula Pangani mjini, nusu saa ya kwanza ni ya kofia.

Kuhusu usalama nitasema machache na sitayarudia. Dereva hashoni, hata kwenye foleni. Aliyeketi mbele, penye mfuko wa hewa, hashoni pia. Mfuko ule hufumuka kwa nguvu kubwa, na sindano au mkasi ulio mkononi huelekea usoni. Mkanda ufungwe wakati wote na kazi iwe chini ya mkanda, mapajani. Mkasi uwe mdogo wenye ncha butu, umefungwa kwa utepe kwenye mkoba. Katika Hiace au Coaster iliyoshonana watu, bega kwa bega, usitoe sindano kabisa. Suka ukili. Haumchomi mtu, na jirani yako huenda akaomba ncha asuke nawe.

Watoto wa kiti cha nyuma nao wape miyaa. Anza na majani matatu, kama nywele, wakiweza wape manne, matano. Mtoto wa miaka saba ana vidole vinavyotosha kwa kazi hii na atanyamaza kwa umbali ambao simu isingemnyamazisha bila kumchosha macho. Usimsahihishe kila kosa. Ukili wa kwanza huwa mpana huku na mwembamba kule, na bado unatosha kushonwa kuwa kawa ndogo ya kufunikia kikombe.

Sasa umefika nyumbani na mifuko yako. Kazi ya mkeka inaanza. Tandika jamvi, fagia vizuri, mwaga vigae vyote vya pembesita uvitazame kwa pamoja. Usijaribu kupanga rangi garini, maana garini unaona vipande viwili tu kwa wakati mmoja na kila rangi inaonekana nzuri. Sakafuni utaona kwamba manjano imezidi upande mmoja, kwamba ile bluu ya kitenge cha harusi inataka kukaa katikati. Sogeza, simama, rudi nyuma mpaka mlangoni utazame kutoka hapo, sogeza tena. Ukiridhika, viokote mstari kwa mstari na uvitunge kwenye uzi kwa mpangilio wao. Kila mstari uliotungwa hivyo umekuwa ukili tena. Unaweza kwenda nao safari ijayo na kuushona bila kuwaza.

Kuna watu wa kuwatazama katika hatua hii. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasiddi, uzao wa Waafrika waliovushwa bahari hii ya Hindi vizazi vingi vilivyopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hutengeneza mifarishi ya viraka wanayoiita kawandi, kwa nguo zilizochakaa za nyumbani. Huanzia ukingoni, kwenye pembe, na kuelekea katikati, kiraka kikipanda juu ya kiraka, kila kimoja kikinaswa kwenye kitambaa cha chini kwa mistari ya bandi inayozunguka mpaka mistari hiyo ikutane katikati. Pembeni kabisa huweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, maua, na bila hivyo kazi haijakamilika machoni mwao. Sidai kwamba ufundi huo walitoka nao huku. Una sura ya Kihindi na huenda waliupata kule kule. Lakini mfarishi wao unafaa pwani yetu kuliko ile minene ya nchi za baridi, kwa sababu hauna pamba katikati. Ni nguo juu ya nguo, na bandi.

Fanya hivyo nawe. Kwa joto la Mwera, sufi au pamba katikati ni mateso. Weka shuka kuukuu la pamba, laini kwa kufuliwa, kati ya viraka vyako na kitambaa cha chini, au kanga mbili zilizochujuka ambazo hazivaliki tena. Tandaza tabaka zote sakafuni, zikunjue kutoka katikati kwenda nje kwa viganja, zibane kwa pini. Kisha piga bandi ndefu za kushikilia kwanza, kutoka katikati kwenda kila pembe, kabla ya kuanza bandi ndogo za kudumu. Bandi za kudumu zifuate mistari ya pembesita au zizunguke kama za Wasiddi. Zote mbili zinashika. Fundo la uzi livute lizame ndani ya tabaka, lisionekane juu wala chini.

Ukingo uupige utepe wa kitenge kimoja, rangi moja kuzunguka pande zote nne, upana wa vidole viwili. Ukifika pembeni usikate utepe. Ukunje kwa mshazari, ushone mkunjo wenyewe, uendelee. Fua, anika kivulini, na ukisubiri ukauke anza kukata karatasi za mfarishi wa pili.